Kilomita za Kwenda Hospitali: Ushauri kwa Familia za Newala na Masasi Zinazosubiri Mtoto

Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa chuo cha afya na tiba za kitropiki cha London walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, Newala ikiwemo. Walifika kaya 226,000. Kila mlango waliuliza nani amezaliwa na nani amefariki. Palipokuwa na mwanamke aliyefariki akiwa mjamzito, au muda mfupi baada ya kujifungua, walikaa na ndugu zake na kuwauliza ilikuwaje.

Hesabu ilipokamilika, kwa kila vizazi hai 100,000 akina mama 712 walikuwa wamepoteza maisha. Watafiti wakapima pia umbali wa kila nyumba hadi hospitali. Wakichukua vile vifo vilivyotokana moja kwa moja na uzazi, waliokaa ndani ya kilomita 5 walikuwa 111 kwa kila vizazi hai 100,000. Waliokaa zaidi ya kilomita 35 walikuwa 422, karibu mara nne. Sababu kubwa kuliko zote ilikuwa kutokwa na damu nyingi.

Miaka imepita na mengi yamekuwa bora. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta vifo vya uzazi Tanzania vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Zahanati zimeongezeka, na wanawake wanaojifungulia nyumbani wamepungua sana. Lakini aliyeko bondeni karibu na Mto Ruvuma bado lazima apande ule ukingo wa Uwanda wa Makonde kufika Newala mjini, na aliyeko Lulindi au Chiwata bado anaihesabu safari ya Masasi mjini kwa saa, hasa mvua zikishaanza. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa familia yenye mjamzito hauhusu chakula wala dawa. Unahusu mahali. Uchungu ukianza, mama awe wapi?

Nasema hivi kwa sababu ya utafiti mwingine uliofanyika hapa hapa, ambao matokeo yake kila familia ya kusini inastahili kuyajua. Mwaka 2010 ulianza mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Kata 132 za wilaya sita za Lindi na Mtwara ziligawanywa kwa kura, na karibu nusu yake zikapata wanawake wa kujitolea waliochaguliwa vijijini humo humo. Mwanamke huyo alimtembelea mjamzito nyumbani mara tatu, kisha akarudi mara mbili katika siku za mwanzo baada ya mtoto kuzaliwa. Alikuja na kadi za picha na mwanasesere wa kuonyeshea namna ya kumweka mtoto kifuani. Alikuwa pia na kipimo cha unyayo, ili pale pasipo na mizani aweze kumtambua mtoto aliyezaliwa mdogo mno.

Familia zilisikia na zilifuata. Katika kata zilizotembelewa watoto wengi zaidi hawakuogeshwa haraka, wengi zaidi walinyonya maziwa ya mama peke yake siku tatu za kwanza, na wengi zaidi hawakupakwa kitu kitovuni. Watu wanaosema kwamba wanakijiji hawabadiliki waende wakasome matokeo hayo. Hata hivyo, mwaka 2013 vilipohesabiwa vifo vya watoto wa chini ya siku 28, kata zilizotembelewa na zisizotembelewa zilikuwa sawa: karibu watoto 30 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai.

Wapo wanaoweza kuyasoma matokeo hayo wakasema basi elimu ya nyumbani haina kazi. Mimi nayasoma tofauti. Watoto wachanga wengi hufa kwa kushindwa kupumua wanapozaliwa, kwa kuzaliwa njiti, au kwa maambukizi makali, na sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea saa 24 za mwanzo. Mama anaweza kuwa msafi na mwangalifu kuliko wote kijijini, lakini mtoto aliyezaliwa bila kulia anahitaji mkono wenye ujuzi na kifaa cha kumpulizia hewa, na anavihitaji ndani ya dakika moja. Matunzo ya nyumbani yanalinda mtoto aliyekwisha kupita mlango huo wa dakika ya kwanza. Ili aupite, lazima mama awe mahali ambapo mkono huo upo, na mkono huo uwe macho.

Anzeni basi na kalenda. Huku kusini mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na fedha nazo ni za msimu mmoja. Korosho zikishapita mnadani na malipo yakashuka kupitia chama cha msingi, kati ya Oktoba na Januari, nyumba nyingi huwa na pesa ambayo haitaonekana tena hadi mwaka unaofuata. Mimba inayotarajiwa kukomaa Machi au Aprili itafika wakati barabara ni mbaya na mfuko umekauka. Kama mwaka huu kuna mjamzito nyumbani, fedha ya uzazi itengwe siku ile ile malipo yanapoingia, kabla ya bati na kabla ya pikipiki. Huduma ya uzazi katika vituo vya serikali ni bure kwa sera, lakini nauli si bure, wala chakula cha msindikizaji, na mara nyingi vifaa hutafutwa na familia. Uliza kliniki mapema wanataka uje na nini. Kwa kawaida ni kanga safi kadhaa, mpira wa kulalia, glovu, wembe mpya, kibanio au uzi safi wa kitovu, pamba, kofia na soksi za mtoto. Uliza pia kuhusu maji. Anayeishi juu ya uwanda anajua ndoo moja kiangazi ni mali, na chumba cha kujifungulia hakiwezi kwenda bila maji.

Kisha amueni ni kituo gani. Zahanati ya kijiji inatosha kwa wengi, na kujifungulia hapo mbele ya nesi ni salama kuliko nyumbani. Lakini wapo ambao hawatakiwi kuanzia zahanati kabisa: aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa kujifungua, mwenye mapacha, mwenye mtoto aliyekaa vibaya tumboni, mwenye presha ya juu, aliyewahi kutokwa na damu nyingi uzazi uliopita, mwenye upungufu mkubwa wa damu, aliyewahi kupoteza mtoto wakati wa kujifungua, msichana mdogo anayebeba mimba ya kwanza, na mama aliyekwisha kuzaa mara tano au zaidi. Hawa wapange kujifungulia mahali penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezea: hospitali ya Newala, Mkomaindo pale Masasi, au Mtakatifu Benedikto Ndanda. Wakipewa rufaa zaidi, huenda Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, zote za Mtwara.

Na wasisubiri uchungu ndipo waanze safari. Mwanamke wa kundi hilo, au yeyote anayekaa mbali, ahamie karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla ya tarehe aliyopewa. Akae kwa dada, kwa shangazi, kwa mtu wa ukoo aliyeko mjini, au katika nyumba ya kusubiria kama kituo kinayo. Najua maswali yatakayofuata: nani atapika, nani atalinda shamba, watoto wengine watalala na nani. Ni maswali ya haki, na ndiyo hasa yanayowarudisha wanawake nyumbani hadi dakika ya mwisho. Kwa hiyo yajibiwe mwezi wa saba wa mimba, mbele ya wanaohusika, siyo usiku ule.

Wanaohusika ni akina nani? Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno lake. Mume ana neno lake. Bibi na kungwi aliyemfunda binti wana neno zito kuliko la nesi. Sioni ubaya katika hilo. Ni watu wanaompenda. Ubaya ni pale damu inapotoka saa nane usiku, mume yuko Mtwara kikazi, mjomba hapatikani kwa simu, na waliobaki wanaogopa kuamua. Siku kikao cha familia kinapokaa, lisemwe neno moja na wote walisikie: ikitokea dalili ya hatari, hakuna anayesubiriwa. Yeyote aliye karibu anampeleka mama hospitali, na hakuna atakayeulizwa kwa nini hakuomba ruhusa. Baba, ukilisema wewe mwenyewe mbele ya mama mkwe wako, umemfanyia mkeo kitu kikubwa.

Usafiri nao upangwe. Namba ya dharura ya mpango wa m-mama ni 115, kupiga ni bure. Mpango huo ulitangazwa kwenda nchi nzima mwaka 2022 baada ya kujaribiwa Sengerema na Shinyanga. Ukipiga, kituo cha mawasiliano hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa eneo lenu aliyeandikishwa. Andikeni namba hiyo ukutani kwa mkaa, na mjue pia namba ya dereva mmoja mwenye gari kijijini. Bodaboda ni ya mwisho, na kwa mama anayetoka damu au anayedegedeka si usafiri hata kidogo.

Sasa kliniki. Anza mara tu unapokosa hedhi na kuhisi una mimba. Miezi mitatu ya mwanzo isipite. Wanawake wengi huchelewa kwa sababu mimba changa husitiriwa, isijulikane na wenye husuda. Nesi hana sababu ya kuitangaza. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri mahudhurio nane, na kila hudhurio lina kazi yake. Usitoke bila kupimwa presha, na usione haya kusema, “Dada, naomba unisomee presha yangu na uniandikie kwenye kadi.” Mkojo upimwe. Wekundu wa damu upimwe. Upimwe virusi vya Ukimwi na kaswende pamoja na mwenzi wako. Vidonge vya kuongeza damu vinywe kila siku hata kama kinyesi kinakuwa cheusi, maana hiyo ni kawaida yake. Malaria ya kusini haina mchezo na mjamzito: inamkausha mama damu na kumfanya mtoto azaliwe mdogo. Dawa ya SP hutolewa kliniki kuanzia mwezi wa nne, angalau mara tatu, kwa kupishana mwezi mmoja. Imeze pale pale mbele ya nesi. Anayetumia dawa nyingine za kila siku amwambie nesi kwanza, maana wapo wasiotakiwa kuinywa SP.

Kifafa cha mimba nakitenga peke yake, kwa sababu ndicho kinachodanganya watu kuliko yote. Mwanamke aliyekuwa mzima jana anaanza kuumwa kichwa kisichotulia, anaona ukungu au nyota, uso na mikono vinavimba, anapata maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu. Baadaye anadegedeka, anatoa povu, anapoteza fahamu. Ukoo unaanza kuulizana nani kamtumia shetani, na mganga anaitwa. Huu ni ugonjwa wa mimba, unatokana na hitilafu inayoanzia kwenye kondo la nyuma na kupandisha presha, na una dawa: sindano ya magnesiamu ya kuzuia degedege, dawa za kushusha presha, na kumzalisha mama kwa wakati. Kila saa inayokwenda kwa mganga inatolewa kwenye figo, ini na ubongo wa mama huyo. Huweza kuja hata baada ya kujifungua, katika wiki ya kwanza au zaidi, kwa hiyo kichwa kikiuma sana baada ya uzazi kisidharauliwe.

Watafiti wanahangaika na ugonjwa huu duniani kote. Huko Dar es Salaam wanawake 11,000 wanaobeba mimba ya kwanza walishiriki utafiti wa vidonge vya kalsiamu, sambamba na wengine 11,000 India, na matokeo yalitoka mwaka 2024: miligramu 500 kwa siku hazikuwa duni kuliko miligramu 1,500 katika kukinga kifafa cha mimba. Maana yake kwetu ni kwamba kidonge kimoja kinaweza kufanya kazi iliyodhaniwa ya vitatu, na serikali inaweza kumudu. Kwa mwenye hatari kubwa, kama aliyepata kifafa cha mimba uzazi uliopita, aspirini kidogo kila siku tangu mapema hupunguza uwezekano wa kukipata tena. Hii si dawa ya kujinunulia dukani. Muulize daktari, na umuulize mapema.

Kuhusu dawa za kuongeza uchungu zinazochemshwa na kunywewa njiani au nyumbani, sina maneno laini. Nguvu yake haipimiki. Mji wa mimba ukibanwa kupita kiasi hupasuka, mtoto akafa ndani na mama akavuja damu tumboni bila mtu kuiona. Bibi anayempenda mjukuu wake asimpe.

Kutokwa na damu nyingi ndiko kulikoua wengi katika zile kaya 226,000. Kila mwanamke hutoka damu kidogo baada ya kondo kutoka. Shida ni kujua kidogo kimeishia wapi. Huko Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dakta Godfrey Mbaruku na wenzake walitumia kipimo ambacho kila nyumba inacho. Walikuta kwamba kanga mbili zikilowa chapachapa, damu iliyotoka imezidi kidogo nusu lita, na nusu lita ndicho kiwango ambacho madaktari wanakiita damu nyingi. Wakunga wa jadi wakafundishwa hivyo. Nakushauri ukumbuke kanga hizo, lakini usiingoje ya pili. Kanga moja ikilowa na damu bado inakuja, au mama anasikia kizunguzungu, anatoka jasho la baridi na midomo inapauka, ni dharura tayari. Wakati mnatafuta usafiri, mtoto anyonyeshwe, mama akojoe, na tumbo chini ya kitovu lisuguliwe kwa mduara hadi mji wa mimba uwe mgumu kama mpira. Haya husaidia mji kujibana. Safari isisitishwe hata damu ikipungua.

Kituoni mambo mawili ya kuyajua. La kwanza ni sindano ya kuzuia damu, ambayo hutakiwa kuchomwa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Jirani zetu wa Tandahimba walikuwa na mradi kati ya 2011 na 2014 ambapo timu za vijiji na za vituo zilikaa kujipima kazi zao, na jambo mojawapo lililoongezeka waziwazi ni sindano hiyo kutolewa kwa wakati. Ulizeni kliniki kama kituo chenu kinayo na kama inahifadhiwa kwenye friji. La pili ni kupima damu kwa kipimo. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo kutoka hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, wanawake zaidi ya 200,000. Katika karibu nusu ya hospitali hizo wahudumu waliwekea kila mama mfuko wa plastiki wenye alama za ujazo, na damu ilipofikia kiwango walitoa tiba zote kwa mkupuo badala ya kujaribu moja moja. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa 60 kwa mia. Hakuna dawa mpya iliyobuniwa; zilikuwa zile zile zilizokuwa kabatini, ila zilitolewa mapema na kwa pamoja.

Mtoto akitoka, la kwanza ni kumkausha kwa kitambaa safi kikavu, kwa nguvu kiasi, na kuangalia anapumua. Zamani huku kwetu mtoto aliwekwa chini akisubiri kondo la nyuma litoke ndipo ahudumiwe, na hapo ndipo baridi ilipomwingia. Akaushwe, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Asiyelia husuguliwa mgongo na, asipoitika, hupuliziwa hewa kwa mfuko na kinyago kabla dakika haijaisha. Tanzania ilijaribu mafunzo hayo katika hospitali nane, na mwaka 2013 ilionekana kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilipungua kwa 47 kwa mia. Nesi aliyefundishwa mara moja miaka mingi iliyopita mkono wake umesahau, kwa hiyo wajumbe wa kamati ya zahanati wana haki ya kuuliza mazoezi yalifanyika lini mara ya mwisho, na kifaa kiko wapi.

Kuoga kungoje saa 24. Weupe ulioganda kwenye ngozi unamlinda. Hakuna uchafu hapo. Ziwa apewe ndani ya saa moja, na yale maziwa ya mwanzo ya njano, mazito, yasikamuliwe na kumwagwa, maana ndani yake kuna kinga ambayo hakuna duka linaiuza. Hakuna maji, hakuna uji mwepesi, hakuna dawa ya chango. Kitovu kiachwe wazi, kikavu na kisafi. Kule Pemba, kati ya watoto zaidi ya 36,000, watafiti walilinganisha kupaka dawa ya klorheksidini na kutopaka kitu, na matokeo ya 2016 hayakuonyesha tofauti ya uhakika ya vifo. Ikiwa dawa ya hospitali haikuonyesha faida hiyo juu ya kitovu kikavu, basi majivu, mafuta na unga wa mti vina nafasi gani?

Njiti anataka maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hapa mama ana uwezo mkubwa kuliko anavyoambiwa. Kwa miaka mingi mtoto mdogo aliwekwa kwenye mashine ya joto hadi atulie, ndipo mama akabidhiwe. Hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, Muhimbili ikiwa ya kwetu, zilijaribu kinyume chake: watoto wenye uzito kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8 waliwekwa kifuani kwa mama mara baada ya kuzaliwa, na wakabaki hapo sehemu kubwa ya siku, huku wakiendelea kutibiwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu haikuwa haki tena kuwanyima wengine. Waliowekwa kifuani walikufa 12 kwa mia. Waliosubiri walikufa karibu 16 kwa mia.

Namna ya kumbeba ni hii. Mvue mtoto nguo zote, abaki na nepi, kofia na soksi. Mama naye afungue kifua, aondoe sidiria. Mtoto awekwe wima katikati ya matiti, kifua chake kikigusa kifua cha mama, kichwa kikielekea upande mmoja na kuinuliwa kidogo ili pua na shingo viwe wazi. Miguu ikunjwe kama ya chura, mikono nayo. Kisha pitisha kanga chini kidogo ya sikio lake, zungusha hadi mgongoni kwa mama, ikaze. Sehemu iliyokaza iwe juu ya kifua cha mtoto, tumboni pawe na nafasi ya kupumua. Vaa blauzi au shati juu yake. Lala naye hivyo hivyo, umeegemea mto. Unapokwenda kuoga, baba, bibi au dada ampokee kifuani kwake kwa namna ile ile. Baba, kifua chako kina joto lile lile, na hakuna mila inayovunjika. Mtoto asiye na nguvu ya kunyonya akamuliwe maziwa na kulishwa kwa kikombe kidogo kila baada ya saa mbili hadi tatu, mchana na usiku. Yote haya yaanzie hospitali; njiti hatakiwi kutunzwa nyumbani bila kuonwa, na akiwa njiani kwenda hospitali asafiri kifuani.

Sasa jambo ambalo linahitaji ujasiri wa bibi. Desturi ya kumfungia mtoto ndani hadi kitovu kidondoke, au hadi siku fulani zitimie, ina busara yake: inamkinga na baridi na magonjwa ya wageni. Mtoto mgonjwa isimhusu. Mtoto mchanga hufa ndani ya saa, hasubiri kitovu. Akikataa kunyonya, akidegedeka, akiwa wa moto au miguu na tumbo vikiwa vya baridi, akilegea asijitikise hadi aamshwe, kitovu kikiwa chekundu na chenye usaha, akiwa wa njano hadi nyayoni, au mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, apelekwe siku hiyo hiyo. Pumzi unaweza kuzihesabu mwenyewe: mtoto akiwa ametulia, fungua nguo, tazama tumbo linavyopanda, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Zikifika 60 au zaidi, hesabu tena. Zikirudia, ondoka.

Huenda siku moja watafiti wakabisha hodi kwako pia, maana Newala na jirani zake zimesaidia sana katika elimu hii. Wapokee, lakini wapokee kwa macho. Utafiti wa afya Tanzania lazima uwe na kibali cha maadili, na kile cha kitaifa hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na aliyekuja lazima akueleze kwa lugha unayoielewa anatafuta nini, utafanyiwa nini, kuna hatari gani na majibu yako yatasitiriwaje. Una haki ya kukataa, au kukubali kisha ukaacha katikati, na huduma yako kliniki isipungue hata chembe. Waulize watarudi lini kuwaeleza matokeo. Wanawake waliojibu maswali kuhusu dada zao waliofariki walitoa kitu kigumu kukitoa, na vijiji vyao vinastahili kuambiwa kilichopatikana.

Baada ya uzazi, rudi kliniki wewe na mtoto hata kama wote mnaonekana wazima: kabla ya siku tatu kwisha, tena ndani ya wiki ya pili, tena wiki ya sita. Na kama mtoto hakubaki, bado urudi. Wanawake wengi waliopoteza mtoto huacha kliniki kwa uchungu na kwa aibu isiyo yao, matiti yakiwa yamejaa na presha ikiwa haijapimwa. Nenda na mtu wako wa karibu. Omba uelezwe kilichotokea na kiandikwe kwenye kadi: mtoto alilia au hakulia, alikuwa na kilo ngapi, uchungu ulichukua saa ngapi, presha ilikuwa ngapi. Uliza upumzike muda gani kabla ya mimba nyingine na utumie njia gani ya uzazi wa mpango. Kadi hiyo itunze, kwa sababu ukibeba mimba tena ndiyo itakayomwambia daktari kwamba wewe ni wa hospitali tangu mwanzo, na kwamba wiki mbili kabla ya tarehe uwe umeshafika mjini.